Kisima Chini ya Nguzo ya Tatu

Nakumbuka asubuhi niliyoingiza mkono wangu chini ya daraja, hadi begani, nikakuta mchanga baridi na maji matamu, nikacheka peke yangu kama mtu aliyegundua siri ya dunia. Mwanangu, nilikuwa na umri kama wako. Meno yote kinywani, akili nusu.

Kaa nikueleze. Weka simu chini, itakungoja.

Shule niliiacha darasa la tano. Hakuna aliyenifukuza. Kila nilipoketi darasani miguu yangu ilitaka kujua kuna nini nyuma ya kile kichaka, na nyuma ya kichaka kulikuwa na kingine. Wenzangu wakanibandika jina Su'aal, yaani Swali. Sisi watu wa Garissa tukishakupa jina la utani, lile alilokupa baba yako hulisikii tena mpaka siku ya kuzikwa.

Nyumbani kwetu ni kando ya laga, kwenye barabara ya kutoka Garissa kwenda Liboi. Laga ni mto wa msimu. Mvua ikinyesha huko juu inajaa siku mbili tatu, inabeba miti na mbuzi, kisha inakauka unabaki mchanga mweupe unaochoma nyayo. Lakini maji hayaondoki yote. Mengine hujificha chini ya mchanga, na ndiyo maana watu wetu huchimba visima ndani ya laga, kuta zake zikishikiliwa na matawi ya miiba yaliyosukwa ili mchanga usiporomoke.

Na kisima kina mwenyewe. Aliyekichimba ndiye mwenyewe, na kinaitwa kwa jina lake. Hawezi kumnyima mtu maji ya kunywa, hiyo ni dhambi hata mtoto anaijua. Ila hakuna mwingine anayeweza kukifukia bila neno lake. Kufukia kisima cha mtu bila ruhusa yake, kwetu sisi, ni kama kumfukia yeye mwenyewe.

Juu ya laga hiyo limepita daraja lenye nguzo tano. Lilijengwa nikiwa mtoto, na nililipenda kama wengine wanavyopenda mpira. Mwaka mmoja wa mafuriko nilikaa juu yake siku nzima nikitazama maji, nikaona jambo. Maji yakifika kwenye nguzo hayapiti tu. Yanajizungusha mara mbili tatu, kama mbwa anayetafuta pa kulala, na pale miguuni mwa nguzo yanachimba shimo refu. Mafuriko yakiisha, shimo hilo hujaa mchanga mlaini. Nikajiambia: penye mchanga mwingi, si ndipo penye maji mengi?

Ukame uliofuata ulikuwa mkali. Visima vya katikati ya laga vilianza kutoa tope, kisha havikutoa kitu. Watu wakaanza kufunga mizigo juu ya ngamia. Mimi nikachukua sururu na karai, nikaenda kwenye nguzo ya tatu, nikaanza kuchimba.

Kimo cha kwanza cha mtu, vumbi. Kimo cha pili, unyevu. Cha tatu nikafika kwenye ubavu wa msingi, lile zege pana ambalo nguzo imesimama juu yake. Mtu mwingine angeishia hapo. Mimi nilitaka kujua daraja lenyewe limesimama juu ya nini. Nikafuata ubavu wa zege mpaka ukingo wake wa chini, nikaingiza mkono. Mchanga! Mchanga ulioshikana na changarawe, lakini mchanga tu, na kutoka ndani yake maji yalikuwa yakichuruzika, baridi kama yametoka kwenye friji. Nikachimba kuelekea ndani. Kwanza likawa shimo la kuku kutagia. Siku mbili baadaye mtu angeweza kuchuchumaa humo, kichwa chake kikigusa tumbo la msingi.

Watu walikunywa. Mizigo ikashushwa kutoka mgongoni mwa ngamia. Msichana mmoja, Habiba, ndiye aliyeteka ndoo ya kwanza, na ndiye aliyekiita kisima kile El Su'aal, Kisima cha Su'aal. Wazee waliokuwa wakinicheka kwa kuacha shule walinishika kichwa wakaniombea dua. Fikiria kijana wa miaka ishirini akiombewa dua na wazee saba kwa siku moja. Kichwa changu hakikuingia tena mlangoni.

Ndipo alipokuja Abti Hirsi. Abti ndivyo tunavyomwita mjomba, kaka wa mama. Alikuwa mchungaji wa ngamia, mtu mwembamba wa maneno machache, na kabla ya kusema lolote huhamisha mswaki wake kutoka shavu hili hadi lile. Alishuka kisimani kwa kamba. Akakaa huko muda mrefu. Alipopanda, alipangusa mikono yake kwenye kikoi taratibu, akahamisha mswaki.

"Nani amekufundisha kula nyumba kutoka chini, kama mchwa?"

Nikacheka. "Abti, daraja ni la serikali. Maji ni yetu."

"Ngamia akivunjika mguu na wewe uko mgongoni, utauliza kwanza ni ngamia wa nani?"

Watu waliokuwa wakiteka maji walicheka, na mimi kijana wa dua saba nikaona nimeaibishwa. Nikamjibu mbele yao neno ambalo hadi leo likinijia hunikata hamu ya chakula. Nikamwambia, "Abti, uzee umekutia woga. Mlima huu wa zege hautasikia kijiko changu."

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alisema, "Leo ni kijiko chako. Kesho atakuja mwingine na chake. Rudisha mawe pale chini, uhamishe kisima, kisha uende ukawaambie watu wa barabara ulichokiona. Mkono uliojua ndio utakaoulizwa."

Sikurudisha jiwe hata moja. Mwezi haujaisha, nilikuwa nimeshapanda lori la mifugo kwenda Hulugho.

Mwanangu, nimezunguka. Nimefunga ng'ombe kwenye malori Hulugho, nimeuza viberiti na betri Liboi, nimepikia wali watu wanaochimba visima kwa mashine, nimeziba matairi Isiolo. Kila kazi niliyoifanya nilitaka kujua inafanyikaje, na nikishajua miguu ilianza kuwasha. Watu wetu husema asiyetembea hana macho. Ni kweli. Ila hawakuniambia kwamba anayetembea sana huona kila mtu, isipokuwa yule aliyemwacha nyuma. Abti Hirsi alifariki nikiwa Isiolo, na habari ilinifikia miezi mitatu baadaye, kwenye kikaratasi kilichoshikwa na mikono mingi. Sikupata kumwomba radhi.

Mara kwa mara nilipita juu ya daraja lile nikiwa kwenye lori. Mwaka baada ya mwaka, tulipofika juu ya nguzo ya tatu, lori lilidunda: tup. Mwanzoni ilikuwa kama kukanyaga kokoto. Baadaye kama kukanyaga gogo. Wenzangu walimtukana dereva. Mimi nilifumba macho. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Sikuwaza kwamba kifo chenyewe kinaweza kuwa cha mtu mwingine.

Sasa nafika kwenye siku zenu hizi. Nilikuwa Hagadera, kwenye kambi ya wakimbizi, nikitengeneza magurudumu ya mikokoteni ya punda. Uzee umenipunguzia mwendo lakini mikono bado iko. Dereva mmoja wa basi alikuja kunywa maji kwangu, akanitazama usoni kwa muda.

"Mzee, wewe si ndiye Su'aal?"

"Ndiye."

"Kumbe uko hai! Wallahi, barabara yote inakutafuta. Daraja inarekebishwa, wanataka iwe na nguvu, malori kubwa yapite. Lakini ile nguzo ya tatu imekaa chini kama ngamia mgonjwa. Sasa hivi nikifika pale nashusha abiria, wanavuka kwa miguu, basi inapita tubu."

Ndivyo alivyosema, tubu, kama wengi wetu tunavyosema. Alitaka kusema tupu.

"Na mimi nahusika vipi?" nikauliza, kana kwamba sijui.

"Wanataka kufukia kisima, akina mama wamekataa. Wanasema kisima iko na mwenyewe. Kazi imesimama. Mwenyewe ni wewe."

Usiku huo sikuenda popote, ila alfajiri nilikuwa nimefunga spana zangu kwenye kikoi. Nilipanda basi la dereva yuleyule. Tulipofika kwenye laga akatushusha, nikavuka kwa miguu yangu daraja ambalo maisha yangu yote nililivuka macho yakiwa yamefumbwa. Pale juu ya nguzo ya tatu kulikuwa na bonde dogo, na ufa wa kuingia kiganja.

Upande wa pili, chini ya turubai la buluu, mwanamke mnene mwenye miwani alikuwa akiuza chai ya maziwa ya ngamia. Aliinua macho, akaweka birika chini.

"Su'aal! Sisi tulishakusalia ile sala ya maiti asiyeonekana. Sasa turudishie dua zetu."

Alikuwa Habiba, yule wa ndoo ya kwanza. Sasa wadogo wote wanamwita Eedo, shangazi, na hakuna gari linalosimama pale bila kusikia ulimi wake.

"Dua zako ndizo zimenifikisha hapa," nikamwambia.

"Hapana. Zangu zilikuwa za kukuweka kaburini vizuri. Keti unywe."

Tulipokuwa tunaongea, basi tupu lilipita darajani. Vikombe vyote mezani kwa Habiba vikagongana meno. Yeye alivishika kwa viganja viwili bila hata kutazama, kama mama anavyomshika mtoto mtukutu. Alikuwa amezoea.

Mhandisi alikuwa binti wa Kitui, Injinia Mwende, kofia ngumu kichwani, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alinisalimia kwa heshima, akaniketisha, akanichorea mchangani kwa kijiti. Wangeinua sakafu ya daraja kwa jeki, kiasi cha unene wa vidole viwili, watoe ile mito ya mpira inayokaliwa na sakafu, iliyochakaa juu ya nguzo, waongeze mihimili mipya. Jeki zingesimama juu ya msingi wa kila nguzo. Na msingi wa nguzo ya tatu ulikuwa na kisima ubavuni.

"Lazima nikifukie kwanza, Mzee. Wameniambia niite askari. Nimekataa. Nitakaa hapa miezi mingi, siwezi kujenga katikati ya watu niliowakanyaga."

"Na watoto watakunywa nini?" Habiba aliuliza kutoka kwenye birika lake. "Hii kisima iko na mwenyewe, na iko na watoto pia."

"Mama, kwetu Kitui mto ni kama huu wenu, mchanga mtupu. Tunajenga ukuta mfupi ndani ya mchanga, unazuia maji yasiteremke. Nikivunja zege la zamani la daraja, mawe hayo ninayo. Nitawajengea ukuta kule juu, mbali na nguzo."

Habiba alinitazama mimi. Akina mama wote walinitazama mimi. Nikasimama, nikasema kwa sauti ya kusikika: "Mbele ya Mwenyezi Mungu na mbele yenu, nimekiachilia kisima changu." Vigelegele vikapigwa. Wazee wakanishika tena kichwa. Dua tena! Mwanangu, nilikuwa shujaa kwa muda wa kikombe kimoja cha chai.

Kwa sababu nilipokuwa nikinywa kile kikombe, nilitazama chini. Mafundi walikuwa wameshaanza kupanga vyuma vya kukalia jeki, juu ya ukingo wa ule msingi waliokwisha kuufukua, upande uleule wa kisima. Fundi mmoja kijana alikuwa amechuchumaa hapo akipiga mluzi. Nikaweka kikombe chini. Wao walijua kuna kisima kando ya msingi. Hawakujua kuna pango chini yake. Lilikuwa limefichwa na maji ya tope na matawi ya miiba, na akina mama hawakuwa wamemruhusu mgeni yeyote kushuka. Mchanga ukimwagwa kutoka juu ungeziba mdomo tu. Tumbo lingebaki tupu, na juu ya tumbo hilo wangeweka uzito wa daraja zima.

Nikuambie ukweli: nilisita. Nilikuwa nimetoka kuombewa dua. Nikisema, watu watajua kwamba nguzo iliyowatembeza kwa miguu, wazee na wagonjwa na wajawazito, juani, ilichimbwa na mkono huu. Nikinyamaza, labda, labda tu, litashika. Ni neno baya hilo, labda. Nimekula nalo miaka mingi. Yule fundi akaendelea na mluzi wake, na nikaona mswaki wa Abti ukihama kutoka shavu hadi shavu.

"Injinia," nikasema, "ngoja. Kuna jambo sikulisema."

Nikalisema lote, pale pale, mbele ya watu wote: pango, Abti, kijiko, miaka. Kisha kijana mmoja nyuma akapaza sauti: "Kwa hiyo ni wewe uliyetuangushia daraja!"

Nilikuwa nimeinamisha kichwa. Aliyejibu ni Habiba.

"Funga mdomo. Si yeye peke yake. Kila kiangazi tunakichimba upya, na kila anayeshuka anakwangua kidogo kule ndani, kwa sababu huko ndiko kwenye maji matamu. Baba yako pia alikwangua. Tulijua ni matamu. Hatukuuliza kwa nini."

Mwende alikuwa ameshashika redio yake. "Simamisheni magari yote. Kila mtu atoke chini ya daraja." Akaagiza chuma kirefu cha kupimia, akaanza kufunga kamba kiunoni mwa fundi mmoja.

"Nifunge mimi," nikamwambia. "Huyo atapapasa. Mimi najua."

"Mzee, kwa miguu hiyo?"

"Miguu hii imefika Isiolo. Haitashindwa na vimo vitatu."

Alinitazama, akanifunga kamba mwenyewe, fundo juu ya fundo, akanivalisha kofia. Nikashuka. Harufu ilikuwa ileile, ya mchanga uliolowa na miiba iliyooza. Maji yalinifika kifuani. Nikaingiza mkono chini ya ukingo wa zege, hadi begani, kama siku ile, ila mara hii sikugusa mwisho. Nikaipokea ncha ya chuma, nikaielekeza. Kikaingia urefu wa mtu. Kikaingia tena. Kikamezwa chote na hakikugonga kitu. Na nilipopapasa juu, kwenye tumbo la msingi, kidole changu kilizama ndani ya ufa.

Walinivuta juu. Mwende alikuwa ameketi mchangani, kofia mapajani. Alikuwa ameona chuma kikipotea.

"Kesho asubuhi," alisema polepole, "ningeweka watu wanane pale."

Nikamnyooshea mikono yangu miwili, nikidhani ataita askari. Alinishika mikono, akasimama kwa kuniegemea.

"Hiyo kofia usiivue, Mzee. Unabaki hapa. Nataka unionyeshe kila mahali ambapo maji yanajizungusha."

Basi nikabaki. Mimi, wa darasa la tano. Nilikaa mahali pamoja kwa miezi mingi kuliko nilivyowahi kukaa popote tangu kunyolewa nywele za utotoni, na miguu haikuwasha. Kila asubuhi niliuliza na kila asubuhi Mwende alijibu, na siku nyingine yeye aliuliza nikajibu mimi. Nilimwonyesha kwamba nguzo ya nne nayo ilikuwa imeanza kuliwa, na vipimo vyake vikathibitisha.

Walinyonya maji kwa pampu. Wakasukuma zege kwa bomba ndani ya pango mpaka likajaa na kutapika pembeni. Wakazamisha nguzo nyembamba ndefu, zikapita mchanga wote hadi kwenye udongo mgumu ambao mimi na sururu yangu tusingeufikia. Kisha wakaupanua msingi pande zote, kama mtu aliyekuwa amevaa viatu vya mtoto sasa amepewa vya saizi yake. Kuzunguka nguzo zote tano wakaweka vikapu vya waya vilivyojaa mawe, ili maji yakija kujizungusha yapate kitu cha kutafuna kisichoisha. Juu, mihimili ya zamani ikavishwa vyuma na zege jipya.

Siku ya jeki hakuna aliyepumua. Mwende alihesabu kwa sauti. Sakafu ya daraja, iliyobeba ng'ombe wote na malori yote yaliyowahi kuipita, iliinuka unene wa vidole viwili. Nguzo ya tatu haikutikisika. Yule fundi wa mluzi alinikimbilia akanikumbatia hadi kofia ikaanguka.

Zege la zamani tulilibeba kwa mikokoteni ya punda kwenda kwenye kona ya juu ya laga. Huko nilichokoa mchanga kwa chuma siku tatu mpaka nikapata mwamba, na juu ya mwamba ule Mwende akajenga ukuta wake wa Kitui. Nyuma ya ukuta nikapiga sururu ya kwanza ya kisima kipya, kwa sababu aliyefukiwa kisima kwa haki ndiye wa kuanza kingine. Wazee wakaapa kwamba kuanzia siku ile hakuna atakayechimba karibu na nguzo, si kwa ukame, si kwa kiburi. Wakataka kisima kiitwe El Su'aal. Nikakataa. Kinaitwa El Hirsi.

Kisha mvua ikaja. Na haikuja kwa adabu. Siku ya pili laga ilikuwa imejaa ukingo hadi ukingo, maji mekundu, miti ya mikakaya mizima ikipita na mizizi yake. Watu wote wa pale walisimama kando. Upande wa Liboi lilikuwa limefika lori la kwanza kubwa, ng'ombe wamejaa, pembe zimetokeza nje. Dereva akamtazama Mwende. Mwende akanitazama mimi. Kabla yeyote hajasema, Habiba alipita katikati yetu na kikombe cha chai mkononi, kimejaa hadi mdomoni.

"Injinia, vyombo vyako mimi sivielewi," alisema. "Mimi niko na kipimo yangu."

Akatembea hadi juu ya nguzo ya tatu, taratibu, bila kumwaga. Akakiweka kikombe juu ya ukuta mfupi wa pembeni mwa daraja, akarudi kinyumenyume. "Haya, mwambie aje."

Lori likaja. Ng'ombe walilia. Chini, mti mkubwa uligonga mawe ya nguzo ya tatu, ukajizungusha, ukaachia, ukaenda zake. Magurudumu yakapita kando ya kikombe, moja baada ya jingine, na mimi nikangoja ile tup ya maisha yangu yote. Haikuja.

Tulikimbia sote. Chai ilikuwa imejaa hadi mdomoni kama ilivyowekwa. Hata utando wa maziwa haukuwa umekunjika.

"Imekataa kumwagika!" Habiba alipiga kelele, akapiga kigelegele kilichomshinda pumzi, na kingo zote mbili za laga zikamjibu. Dereva akapiga honi mpaka ng'ambo. Wazee walisahau fimbo zao. Mwende alikichukua kile kikombe, akakinywa chote pale pale juu ya mafuriko, machozi yakimtiririka, akasema, "Mama, sukari nyingi." Habiba akamjibu, "Hiyo ndiyo zege yangu."

Nilisimama juu ya nguzo ile macho yakiwa wazi. Sasa magari hupita usiku na mchana, hakuna anayeshuka kutembea, na maji ya El Hirsi hayajakauka kiangazi hata kimoja tangu hapo.

Mwanangu, sikukatazi kuuliza. Anayekwambia kuuliza kunaharibu vijana hajui kwamba swali langu ndilo lililopata maji, na swali langu hilohilo ndilo lililopata mwamba. Chimba. Shika. Ingiza mkono mpaka begani. Ila ukishajua jambo linalobeba watu wengine, si lako peke yako tena. Lipeleke kwa wanaolihitaji siku ileile, likiwa bado la ukubwa wa kijiko. Usiseme ni mali ya serikali, kwa maana wewe na mama yako ndio mnaopita juu yake. Mzee akikuonya mbele ya watu, meza aibu kwanza, jibu baadaye. Aibu ya kumezwa hupita na chai. Neno ulilomrushia huenda usipate tena masikio ya kulirudishia. Na kama umeshakosea, kama mimi, usidanganyike kwamba miaka imekufukia shimo. Rudi. Hata ukirudi mzee, hata ukirudi ukichechemea, rudi useme kabla fundi hajakaa chini ya jeki. Utashangaa ni nani atakushika mkono.

Nenda sasa. Mungu akupe kiu isiyokwisha ya kujua, na ulimi mwepesi wa kusema ulichokijua. Akuweke mbali na labda. Akusimamishe juu ya kitu kigumu kuliko mchanga, mafuriko yakupite, na kikombe chako kibaki kimejaa hadi mdomoni. Amin.